Kengele ya Anna Lovisa

Inspekta Orvokki Tammelin alikuwa akitabasamu, na kwa mtu aliyetumwa kumkamata mwizi hilo halikupendeza machoni pa watu. Alijua. Alijaribu kukunja uso mara mbili tangu mashua iitwayo Lokki iondoke gatini, na mara mbili uso ulimkatalia. Wenzake kituoni Turku walikuwa wamegawiwa kesi za baiskeli na ya mlevi aliyevunja kioo cha duka la maua. Yeye alipewa merikebu ya miaka mia na hamsini, iliyosimama wima gizani mita hamsini na mbili chini ya maji. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akizamia mabaki ya meli kwa fedha zake na likizo zake mwenyewe, na leo serikali ilikuwa inamlipa.

"Maji nyuzi ngapi?" aliuliza.

"Juu kumi, chini nne," alijibu nahodha kutoka kwenye usukani. "Chini huwa nne. Krismasi nyuzi nne, na Juni nyuzi nne. Uliza jambo gumu, binti."

Nahodha huyo, Taisto Kallonen, mzee wa miaka sabini na mmoja, ndiye aliyekuwa mtuhumiwa. Ilikuwa ajabu kidogo mtuhumiwa kuwapeleka wapelelezi mahali pa tukio na kuwachemshia kahawa njiani, lakini hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuiweka mashua juu ya Anna Lovisa bila kupapasa nusu siku.

"Tusomee tena," Orvokki alimwambia mwanamke aliyekaa juu ya sanduku la mitungi.

Hillevi Strandell alikuwa afisa wa mabaki ya kale kutoka Helsinki. Mashtaka aliyaandika yeye, kwa mkono wake, na aliyabeba ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Alisoma bila kumtazama mzee.

"Tarehe ishirini na nane Septemba, picha: kengele ipo mahali pake, omo, mbele ya merikebu. Tarehe kumi na saba Mei, Kallonen anakuja peke yake kuweka boya. Mashua ya kwanza tangu barafu iyeyuke. Tarehe ishirini na nne Mei, wazamiaji wageni wanapiga picha: kengele haipo. Kikao ni Ijumaa."

Leo ilikuwa Jumanne. Ijumaa, kama hakuna jipya, Taisto angenyang'anywa kibali, Anna Lovisa ingefungwa isizamiwe na mtu yeyote tena, na jina la mzee lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Kengele ile ndiyo iliyokuwa na jina la merikebu. Kila ubao mwingine wenye maandishi ulikuwa umeoza zamani.

"Uliigundua merikebu peke yako?" Orvokki alimuuliza mzee huku akijisukumia ndani ya nguo za sufu.

"Tulikuwa wawili."

"Mwingine nani?"

"Mtu tu."

"Aarre Vuolle," alisema Hillevi. "Mwaka themanini na nane. Hawasemeshani."

"Kwa nini?"

Taisto aliongeza moto wa injini mpaka ikawa hakuna anayesikia swali.

Kuvaa kulichukua nusu saa, na Orvokki aliipenda kila dakika yake. Sufu juu ya sufu, kisha suti kavu, ile isiyopitisha maji, iliyombana shingoni kama mkopeshaji, kisha glovu nene, mitungi miwili mgongoni na miwili ubavuni. Gesi ya kina hicho ilichanganywa na heliamu ili akili isilewe, kwa sababu mtu akilewa mita hamsini chini huanza kuwasalimia samaki. Taisto alikagua kila kamba na kila kifungo cha wanawake wote wawili, hata cha yule aliyemshtaki. Alipofika kwa Hillevi alikaza mkanda mmoja uliolegea, akaupiga kofi dogo.

"Huu ungekusumbua kule chini," alisema. "Haya, nendeni. Msalimieni Anna Lovisa."

Waliishika kamba ya boya wakashuka. Maji yalikuwa ya kijani kama supu ya njegere, kisha kijani kikaiva kikawa kahawia, na kwenye mita thelathini mwanga wa jua ukaisha kabisa. Baridi ilimuuma Orvokki midomoni, mahali pekee ambapo ngozi ilikuwa wazi, kisha midomo ikafa ganzi na ikaacha kulalamika. Aliwasha taa kubwa. Maji ya chini yalikuwa safi kuliko ya juu. Na hapo, ndani ya mwali wa taa, mlingoti ukatokea.

Haukuwa umeanguka. Ulipanda kutoka gizani ukiwa umenyooka, pamoja na vigingi vyake vya kufungia kamba, na Orvokki akashuka kandokando yake kama mtu anayeteremka kutoka ghorofani. Katika bahari hii yenye chumvi kidogo hakuna mdudu wa kula mbao. Sitaha ilikuwa nzima. Gurudumu la usukani lilikuwa mahali pake, na juu ya kifuniko cha ngama, tumbo la kuwekea shehena, kiatu kimoja cha ngozi kilikuwa kimekaa, kidole mbele, kama mwenyewe alikivua juzi. Alicheka ndani ya kipumulio mpaka mapovu yakamfunika uso. Alikuwa na furaha tupu, na akajipa sekunde kumi za kuwa nayo kabla ya kuanza kazi.

Kompyuta ya uzamiaji kwenye kifundo cha mkono ilimpa dakika ishirini chini. Dakika ishirini hizo zingelipiwa kwa dakika hamsini za kupanda kidogo kidogo, ukisimama na kusubiri mwili utoe gesi. Hapakuwa na muda wa kutangatanga.

Walikwenda omo. Hillevi alielekeza taa: pale. Mhimili mfupi wa mbao uliokuwa umebeba kengele bado ulisimama, mtupu. Hillevi akafanya ishara ya msumeno kwa mkono wake, kisha akauelekeza juu. Kukatwa. Kupandishwa.

Orvokki alisogea mpaka kioo cha barakoa kikakaribia kugusa mbao. Hapakuwa na alama ya msumeno. Mhimili ulikuwa umepasuka kwa urefu, na ndani ya ufa ule mbao ilikuwa laini. Pini ya chuma iliyoshika kengele ilikuwa imechomolewa, haikukatwa. Kilichomfanya asimame kabisa kilikuwa kitu kidogo zaidi. Tundu la pini, na sehemu yote ya chini ambayo kengele ilikuwa imeifunika, vilikuwa vimetandwa utando wa manjano, mwembamba kama unga uliopepetwa.

Kila mzamiaji wa bahari hii anaujua utando huo. Barafu ikishayeyuka, maji ya juu huchanua kijani, kisha kile kijani hufa na kushuka chini. Mwisho wa Aprili kazi yake huwa imekwisha. Aliupangusa kidogo kwa kidole. Chini yake kulikuwa na tope la kijivu la majira ya baridi, nalo halikuguswa.

Alipiga picha sita. Kisha akaona kamba.

Ilikuwa kamba ya rangi ya machungwa, kamba ya kawaida ya mashua, imefungwa kwenye ukingo wa sitaha karibu na omo. Ilikwenda kwa nyuma kufuata ukingo, mita kumi hivi, ikaingia chini ya mlingoti mwingine ulioanguka na kupotelea katika tope. Hillevi alimgusa bega akaonyesha kamba kwa ushindi. Kwenye Lokki kulikuwa na kamba kama hiyo, mzingo mzima. Orvokki alikubali kwa kichwa, akaangaza fundo. Lilikuwa na kitanzi kikubwa, cha mtu aliyevaa glovu nene, na ncha ya kamba ilikuwa imerudishwa ndani mara mbili. Akalipiga picha. Alitaka kuifuata kamba mpaka mwisho wake, aliitaka kama mtoto anavyotaka pipi, lakini dakika ya ishirini ilikuwa imefika. Akageuka, akashika njia ya juu.

Taisto aliwavuta ngazini, akawavulia mitungi, akawapa kahawa na mkate mtamu wa iliki bado una joto la jikoni. Alikaa akatazama maji.

"Ulifanyiwa upasuaji mwaka jana," Orvokki alianza alipopata midomo yake tena. Heliamu, inayomfanya mtu aongee kama mtoto, ilikuwa imekwisha, sauti yake ilikuwa ya mtu mzima.

"Mgongo."

"Lini?"

"Tarehe mbili Oktoba. Nikatoka hospitali mwisho wa Novemba. Wameniwekea vyuma, nikikaa naita kama mlango."

"Na Lokki?"

"Ilipandishwa nchi kavu tarehe mosi Oktoba. Ikalala huko mpaka Mei."

Orvokki alimgeukia Hillevi. "Kengele iliondoka kabla utando wa manjano haujashuka. Kabla ya Aprili. Na chini ya utando kuna tope la majira ya baridi. Iliondoka baada ya picha ya Septemba na kabla ya barafu. Oktoba au Novemba."

Hillevi aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa haki, ingawa haki yake ilikuwa na miiba. "Na kamba?"

"Tuione." Orvokki aliwasha kamera akamsogezea Taisto picha ya fundo. "Mzee, hili unalijua?"

Mzee aliangalia. Uso wake, uliokuwa mwekundu kwa upepo, uligeuka rangi. Alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama kamba.

"Andika ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Kengele. Nimeichukua mimi. Andika tumalize, samaki wa supu wanaharibika."

Hillevi, aliyekuwa amengoja maneno hayo kwa wiki mbili, alipigwa na butwaa kuliko wote.

"Lini uliichukua?" Orvokki aliuliza.

"Oktoba. Si ndivyo unavyosema?"

"Ulikuwa hospitali."

"Nilitoroka."

"Una vyuma mgongoni."

"Nikatoroka navyo."

"Ukazama mita hamsini na mbili. Mashua iko nchi kavu. Uliogelea kutoka hospitali?"

"Ninaogelea vizuri sana," alisema Taisto kwa hadhi kubwa.

Orvokki alitazama nguzo ya mashua ambako mzee alikuwa amefunga kamba yake mwenyewe asubuhi. Kitanzi kidogo, ncha inaning'inia. Akatazama fundo lingine, na lingine. Ncha zote zilining'inia. Hakuna hata moja iliyorudishwa ndani, seuze mara mbili.

"Mzee Taisto," alisema taratibu, "umelitambua fundo la mtu. Unafikiri ameiba, na unataka kulala jela badala yake."

"Fundo ni fundo."

"Ni nani?"

Injini ilinguruma. Walikwenda kisiwani.

Kisiwa kilikuwa mwamba tu, wenye misonobari saba, kibanda cha chama cha wazamiaji, choo, na sauna ukingoni mwa maji, ile nyumba ndogo ya kujifukiza. Hapo ndipo kila safari ya Anna Lovisa ilipoanzia na kuishia. Taisto alikwenda moja kwa moja kuwasha sauna, na Orvokki alimfuata kwa sababu mpelelezi humfuata mtu anayemkwepa.

Alitegemea harufu ya kuni. Badala yake alisikia *tik*. Mzee alikuwa amebonyeza swichi.

"Jiko la umeme?" Orvokki alisema kwa sauti aliyoitumia kwa majeruhi.

"Usianze na wewe."

"Kisiwani? Katika sauna? Bila moto wa kuni?"

"Mgongo wangu ulikuwa hauniruhusu kupasua kuni!" Taisto alilipuka. "Miaka mitatu iliyopita nililileta hapa kwa mashua, nikavuta waya kutoka kwenye jenereta, nikafunga mwenyewe. Nilitarajia mtu aniambie ahsante. Mtu akaingia, akamwaga maji kwenye mawe, akakaa dakika mbili, akatoka, akavaa suruali. Akasema mahali penye kitu kile yeye haji nikiwepo mimi. Na hajaja."

"Mtu huyo ni Aarre."

"Mtu tu."

"Kwa hiyo huja usipokuwepo. Oktoba, kwa mfano."

Mzee alifunga mlango wa sauna polepole sana. "Miaka thelathini na sita," alisema. "Yeye alishika chombo cha kupimia, mimi usukani. Tulipoiona kwenye kioo tulilia wote wawili kama mabwege, na hatukuambiana kwa nini. Kama ameichukua ana sababu. Mniache."

Orvokki hakumuacha, ila alimuacha apumue. Aliingia kibandani, ambamo Hillevi alikuwa akimenya viazi vya supu kwa hasira.

"Nimemtesa mzee bure," Hillevi alisema bila kuinua kichwa.

"Bado hatujui kama ni bure."

Kwenye meza ya dirishani kulikuwa na kitabu cha wageni. Hakuna kibanda katika nchi hii kisichokuwa nacho. Kila anayelala huandika tarehe, upepo, joto la maji na joto la sauna, hutia saini, na hakuna binadamu aliyewahi kukisoma. Orvokki alikuwa ameandika katika vitabu kama hivyo mara mia. Hajawahi kufungua ukurasa wa nyuma. Lakini kitabu hiki kilikuwa na kitu ambacho hajawahi kukiona kwenye kitabu cha wageni. Kilikuwa na vibanio vya nguo. Vitatu, vya mbao, kila kimoja kimebana kurasa kadhaa pamoja zisifunguke.

"Hillevi," alisema. "Ni nani anayeanika karatasi?"

Alichomoa kibanio cha kwanza. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu anayekandamiza kalamu. *Oktoba. Upepo kusini. Maji 10. Sauna 64. Nimeona vibuyu vya maji ya moto vyenye joto kuliko hili. A. Vuolle.* Alichomoa cha pili. *Oktoba. Maji 8. Sauna 60. Jiko hili lafaa kukaushia soksi, tena nyepesi. A. Vuolle.* Hillevi alikuwa amesogea, kiazi mkononi, na mabega yake yalianza kutikisika kwa kicheko.

Kibanio cha tatu kilikuwa cha mwaka jana. Orvokki alisoma kwa sauti.

"*Tarehe kumi na moja Oktoba. Upepo kaskazini magharibi, mita nane kwa sekunde. Maji juu tisa, chini nne. Sauna 61. Yai haliivi, nimejaribu. Uyoga mwingi nyuma ya choo. Mhimili wa kengele umepasuka, ungeanguka kabla ya machipuko na kengele ingezama kwenye tope. Nimeihamishia nyuma, chini ya kidirisha cha paa la chumba cha nahodha, nimeifunga kwenye boriti nzima. Sikuingia ndani. Taisto aambiwe. Nimemaliza kahawa. A. Vuolle.*"

Kiazi kilianguka sakafuni.

"Taisto aambiwe," Hillevi alirudia. "Na nani? Hapakuwa na mtu mwingine!"

"Na kitabu." Orvokki alikuwa tayari mlangoni. "Mzee Taisto! Njoo na miwani yako!"

Alikuja akifuta mikono. Alipoona vibanio mezani alirudi nyuma hatua moja.

"Hizo nimezibana, sizisomi," alisema. "Mimi naandika yangu kwenye ukurasa safi. Kwa nini nisome? Miaka mitatu ananitukania jiko langu."

"Soma mstari wa sita."

Alisoma. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Nje shakwe walikuwa wakigombana juu ya mwamba. Mzee aliketi kwenye benchi, vyuma vyake vikaita, akaweka kiganja juu ya ukurasa kana kwamba ungepeperuka.

"Bwege mkubwa," alisema. "Bwege mkubwa wewe. Kengele ameiandika baada ya uyoga."

Walimpigia Aarre simu palepale, lakini ilikuwa imezimwa. Taisto hakushangaa. Tangu Novemba Aarre alikuwa Uhispania, Fuengirola, pamoja na wastaafu wengine waliokimbia giza, na simu yake huiwasha saa nne asubuhi hadi saa nne na robo ili isichakae.

"Kitabu si kengele," alisema Hillevi, ila alisema kwa upole. "Kwa Ijumaa nahitaji kuiona."

"Kesho asubuhi," Orvokki alisema. Tabasamu lilikuwa limerudi na safari hii hakulipinga.

Jumatano saa mbili asubuhi bahari ililala kama shuka lililopigwa pasi. Taisto alikagua vifungo vyao mara mbili kila kimoja.

"Ukiiona," alimwambia Orvokki, "igonge. Mara tatu."

"Hairuhusiwi kuigusa," Hillevi alisema.

"Nitalala chini ndani ya mashua, sikio kwenye mbao. Maji hubeba sauti. Nikingoja mpande mtoke, dakika zile zote, nitakufa kwa moyo kabla ya kujua."

Hillevi alivuta barakoa yake usoni.

Walishuka upesi, kijani, kahawia, giza, mlingoti. Safari hii hawakutazama kiatu. Walikwenda moja kwa moja tezi, nyuma ya merikebu, wakivuka sitaha mita moja juu yake ili wasitimue tope. Kamba ya machungwa ilikuwa imetokea tena upande wa pili wa mlingoti ulioanguka, ikifuata ukingo mpaka nyuma. Mtu aliifunga iwe njia yake ya kuongozea mzigo mzito, mkono kwa mkono, bila kuupandisha juu hata kidogo. Alifanya kazi hiyo akiwa na miaka sabini na kitu, peke yake, kwenye maji ya nyuzi nne. Orvokki alimvulia kofia asiyokuwa nayo.

Kidirisha cha paa kilikuwa shimo la mraba lisilo na kioo. Aliweka taa kwenye ukingo wake akachungulia.

Kwanza aliona kitanda cha nahodha, na rafu, na chupa mbili zilizosimama. Kisha mwali ukagonga kitu cha kijani cha shaba umbali wa mkono mmoja kutoka usoni pake. Ilining'inia kutoka kwenye boriti, imetulia, imefungwa kwa kitanzi kikubwa na ncha ikarudishwa ndani mara mbili. Alipoizungusha taa, herufi zilijitokeza kwenye shaba moja baada ya nyingine. ANNA LOVISA. 1871.

Alipiga kelele za furaha ndani ya kipumulio, na Hillevi, mtu wa mfuko wa plastiki, alikuwa akimpiga mgongoni kwa ngumi.

Walipiga picha za kutosha vikao kumi. Kisha Orvokki alichomoa kisu, akakishika kwa upande wa ubapa ili mpini wa chuma uwe mbele, akamtazama Hillevi. Hillevi alichukua kibao chake cha kuandikia. Aliandika kwa muda, akakigeuza: *UTHIBITISHO WA SAUTI. Gonga.*

Orvokki alipitisha mkono kidirishani, akagonga.

Hakutegemea mengi. Sauti iliyokuja hakuisikia kwa masikio tu, aliisikia kwenye meno na kifuani, nzito na ndefu, ikapita katika mbao za merikebu na kutoka nje gizani. Akagonga ya pili. Alipotaka kugonga ya tatu, mkono wenye glovu ulikishika kisu. Ya tatu aliigonga Hillevi.

Wakangoja. Kompyuta ilihesabu. Kisha kutoka juu, mbali sana, ikaja: *kong. Kong. Kong.* Mtu alikuwa akipiga ubavu wa mashua kwa nyundo. Baada ya tatu hakuacha. Alipiga walipokuwa wakiondoka kwenye paa, alipiga walipofika mita ishirini na moja, na kwenye kituo cha mwisho, mita sita, ambako vidole vilikuwa vimekufa na dakika haziendi, Taisto bado alikuwa akipiga, bila mpangilio wowote, na Orvokki alining'inia kwenye kamba akimsikiliza na kucheka.

Walipopanda ngazi mzee alikuwa amekaa sakafuni na nyundo mapajani. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa na alama ya mbao, na uso wote ulikuwa umelowa. Alimkumbatia Orvokki na mitungi yake yote, kisha akamkumbatia Hillevi, ambaye hakujua aweke wapi mikono, kisha akajua.

"Nitaandika kuhamishwa kwa dharura," Hillevi alisema begani kwake. "Na mashtaka nitayafuta leo. Na nisamehe, mzee."

"Wewe fanya kazi yako. Kazi ni kazi. Saa ngapi Uhispania?"

"Saa nne kasoro dakika mbili."

Alingoja dakika mbili hizo akiwa amesimama. Kisha alipiga, akaweka simu sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake, akaishika mbali na mwili.

"Haloo," ilisema simu.

"Haloo," alisema Taisto.

Maji yalilamba ubavu wa mashua.

"Nani kafa?" iliuliza simu.

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nimesoma kitabu."

Kijiko kiligonga kikombe huko Uhispania.

"Cha Oktoba?"

"Cha Oktoba."

"Leo ni Juni, Taisto."

"Najua leo ni mwezi gani! Unaandika kengele baada ya uyoga, mtu atajuaje?"

"Uyoga ulikuwa mwingi." Simu ilikohoa. "Ipo salama?"

"Ipo. Aarre, nimeisikia." Taisto aliisogeza simu karibu na mdomo. "Wameigonga kule chini, nikaisikia kwenye mbao. Miaka thelathini na sita tunaiangalia tu, mimi na wewe. Nimeisikia."

Upande wa pili mtu alivuta kiti, akakaa.

"Ina sauti gani?" aliuliza Aarre.

Mzee alifungua mdomo. Alimtazama Orvokki kama anayeomba kuazimwa neno.

"Njoo usikie," alisema Taisto.

"Na lile jiko?"

"Siku hizi linafika themanini na tano."

"Mwongo."

"Njoo upime."

Orvokki alijikuta ameshika mkono wa Hillevi.

"Nakuja Jumamosi," ilisema simu. "Na kipimajoto changu mwenyewe."